Nauli ya Watu Wawili

“Uko na nani?” askari wa uhamiaji aliuliza bila kuinua macho.

“Peke yangu,” alijibu Mbhekeni Maziya, na asubuhi ile ilikuwa kweli.

Alikuwa mzee mrefu, mkavu, mtu wa ng’ombe na maneno machache. Kwao, kwenye vilima vya Lubombo, chini kidogo ya mpaka wa Lomahasha wa kuingilia Msumbiji, watu walisema ukimsalimia Mbhekeni asubuhi, jibu utalipata jioni ng’ombe wakirudi zizini. Siku hiyo alivaa koti lake la kanisani, na kwapani alibana tawi la mkunazi-mwitu lililoviringishwa kwenye gazeti, miiba yake imekwisha kutoboa karatasi. Alipovuka upande wa Msumbiji, mkaguzi wa mimea alilibonyeza gazeti kwa kidole, akachomwa, akang’aka.

“Hii nini, babu? Kuni?”

“Tawi.”

“Naona ni tawi. Unalipeleka wapi?”

Mbhekeni alitafuta maneno akayakosa. Utamwelezaje kijana wa watu, foleni imekusukuma mgongoni, kwamba unakwenda kumchukua mwanao aliyefia ugenini, na kwamba roho za wafu wa kwenu hazirudi nyumbani ila juu ya tawi la mti huo? Mkaguzi akafyonza kidole chake.

“Haya, pita. Lakini nakuambia mapema, mimea haivuki huku na huku kama mbuzi. Ukirudi nalo jioni litaishia mle.”

Alionyesha pipa lililokuwa limejaa mihogo na machungwa ya watu. Mbhekeni aliliangalia pipa lile, na njia nzima hadi Maputo hakuona miti wala vijiji, aliona pipa.

Maelekezo ya safari alikuwa ameyapata kwa kaka yake mkubwa, LaMatsebula, mke wa Mbhekeni, akisikiliza. Tangu mwanawe Muzi afe, mama huyo alikuwa hali akashiba wala halali akapumzika. Kila akisinzia alimwona mwanawe amesimama nje ya lango la boma, mikono imetapakaa rangi, akisema hakuna aliyekuja kumchukua. Ilipofika mwezi wa nne, mbavu zake zikaanza kuhesabika, na jirani wakaanza kumtazama kama watu wanaoaga.

“Nenda mpaka pale alipokatia roho,” kaka mtu alisema. “Mwite kwa majina ya ukoo. Akishapanda kwenye tawi, njoo naye moja kwa moja nyumbani. Mlipie nauli yake, mkatie chakula chake, kila mto na kila lango mwambie kwamba mnavuka. Na usimkane, Mbhekeni. Mfu ana moyo mwepesi wa kuumia. Ukimkana mahali, hapo hapo anabaki.”

Neno hilo la mwisho alilisema akimtazama usoni, na Mbhekeni akainama kufunga kamba za viatu visivyokuwa na kamba.

“Aende mtu mwingine,” alisema akiwa bado ameinama. “Mimi mji ule siujui.”

“Asipokwenda baba yake, asiende mtu,” alijibu LaMatsebula. “Nife tu, yaishe.”

*

Kituoni Maputo alipokewa na mwanamke mwembamba aliyejifunga kanga mbili. Alipiga goti palepale kwenye vumbi, watu wakimruka.

“Baba, karibu. Mimi ndiye Felizarda.”

Hii ilikuwa mara ya kwanza Mbhekeni kumwona mke wa mwanawe. Miaka yote alikuwa akimwita “yule wa huko”, kana kwamba kumtaja jina ni kumlipia mahari. Sasa yule wa huko alikuwa mbele yake, macho yamemvimba, akizungumza Kiswazi alichofundishwa na Muzi, hata ile tabia ya Muzi ya kuanza kila jambo kwa kusema “sikia basi”. Mbhekeni alishtuka. Ilikuwa kama kuliona shati la marehemu limevaliwa na mtu barabarani.

“Sikia basi, baba. Kwanza ule au kwanza twende?”

“Twende.”

Muzi alikuwa mpaka rangi wa majumba marefu. Alining’inia kwenye kamba kutwa nzima na ndoo yake kiunoni, mpaka mwezi wa pili, kamba ilipokatika. Mahali alipoangukia palikuwa mbele ya duka la simu. Spika imewekwa mlangoni, muziki unapasua masikio, na ukingo wa barabara umeoshwa ukawa mweupe kuliko pande zake. Hakukuwa na kitu kingine cha kuonyesha.

Mbhekeni alipiga magoti, akalifungua gazeti, akalilaza tawi juu ya saruji. Mlinzi wa duka akaja mbio.

“Ninyi! Hapa si kanisani. Mnaziba mlango, wateja wapite wapi?”

Felizarda alimgeukia, akamwambia kwa lugha yao jambo fupi. Mlinzi akamtazama mzee, akalitazama lile tawi, akavua kofia.

“Yule wa kamba?” aliuliza taratibu. “Alikuwa akinipungia mkono kila asubuhi kutoka juu.” Akaingia ndani, na muziki ukazimwa.

Katika ukimya ule Mbhekeni alianza kuyataja majina ya ukoo, moja baada ya jingine, mpaka akafika kwa mwanawe. “Muzikayise. Ni mimi, baba yako. Inuka, twende nyumbani.”

“Baba,” Felizarda alinong’ona, “samahani. Mwambie kwa upole. Ukimwamrisha haendi. Wewe si unamjua?”

Watu walianza kusimama. Msichana mmoja alitoa simu kupiga picha, mlinzi akamfukuza. Mbhekeni alihisi jasho likimtiririka ndani ya koti. Tangu Muzi ajue kutembea, yeye baba hakuwahi kumwomba kitu. Alizoea kusema, na mtoto kutenda.

“Mama yako halali, mwanangu,” alisema. “Tafadhali.”

Akaliinua tawi. Wapo wanaosema kwamba marehemu akipanda, tawi huongezeka uzito. Mbhekeni si mtu wa kuamini kila kisemwacho, lakini alipolinyanyua mkono wake ulishuka kidogo, na Felizarda aliona, akaziba mdomo kwa ncha ya kanga.

*

Basi la kurudi lilikuwa la alasiri. Felizarda alimpa mkate uliotiwa bajia, umefungwa kwenye karatasi, maana ndiyo biashara yake sokoni. Kisha akasimama pale pale, haendi, hasemi.

“Sema,” Mbhekeni alimwambia.

“Sikia basi, baba. Nyumbani wanafurahi anarudi, na mimi nimekubali. Ila mimi nabaki na nani?”

Mbhekeni aliangalia viatu vyake.

“Na jambo jingine nilitaka ulijue, si kwa ubaya. Ile siku ya msiba wa bibi yake Muzi. Tulipofika mpakani, pasipoti ya Muzi ilikuwa imekwisha muda wake. Wale askari wakasema, tutampigia baba yako aje akutambue, utapita. Si wakakupigia?”

“Walinipigia.”

“Ukawaambia huna mtoto Msumbiji.”

Siku ile Mbhekeni alikuwa na hasira ya kuachiwa ng’ombe peke yake, hasira ya mwana aliyeoa bila kumwuliza. Na simu ilimkuta mbele ya waombolezaji, akataka kuonekana mwanamume. Maneno yenyewe hayakumchukua hata dakika.

“Hakuamini,” Felizarda aliendelea. “Alisema, baba atakuja, ng’ombe tu ndio wamemchelewesha. Tulikaa pale kwenye jiwe mpaka wakafunga lango. Vilima vyenu tunaviona, moshi wa msibani tunauona. Ndipo tukageuka.” Alifuta pua. “Haya, baba, safari njema. Mkate uule ungali moto.”

Akaenda zake. Mbhekeni alibaki na tawi mkono mmoja, mkate mkono wa pili, na saa kadhaa mbele yake katika mji ambamo hakumjua mtu. Kaka yake alisema moja kwa moja nyumbani. Lakini binti yake wa mwisho, Tengetile, alikuwa amehifadhi sauti ya Muzi kwenye simu, na kila jioni aliifungulia mamaye. *Sikia basi, dada. Siku baba akija huku nitamtembeza mimi mwenyewe. Kwanza stesheni. Halafu tembo. Halafu bahari. Ataanza kununa, halafu utamwona.* Mbhekeni alikuwa akijifanya hasikii, na maneno yote aliyajua kwa moyo.

“Haya,” aliliambia tawi. “Nitembeze.”

*

Ukuu wa stesheni ulimfanya avue kofia, akidhani ni kanisa. Alitembea chini ya kuba lile akitafuta watu, akawakuta wawili watatu wamekaa kwenye benchi na mizigo yao. “Nyumba kubwa hivi,” alimwambia Muzi, “na treni ziko wapi? Hawa wangeweka ng’ombe.” Alisema kwa sauti, maana mfu haongeleshwi kwa kunong’ona, na mwanamke mmoja kwenye benchi alivuta begi lake karibu.

Mji ulimshangaza kwa mambo madogo. Mizizi ya miti ilikuwa imeinua mawe ya kando ya barabara, na watu waliyaruka bila kuangalia, kila mmoja akijua jiwe lake. Wanaume wazima walikaa mchana kweupe mbele ya vikombe vidogo vya kahawa, hawana haraka, hawana aibu. Wanawake walipita na mabeseni ya mikate kichwani. Hakuna aliyemjua, hakuna aliyemwuliza wewe ni Maziya wa wapi, na taratibu mabega yake yakashuka. Aliongea. Alimweleza Muzi habari za ndama wa yule ng’ombe mwenye baka, za bomba la maji lililoletwa hadi shuleni, za Tengetile na kijana wa Siteki anayezungukazunguka. Katika saa moja alimwambia mwanawe maneno mengi kuliko aliyomwambia katika miaka ishirini na tisa, na uchungu wa jambo hilo ulimpata ghafla akiwa katikati ya kuvuka barabara, hata gari likampigia honi.

Asubuhi, njiani, Felizarda alikuwa amemwonyesha nyumba tatu alizopaka rangi Muzi. Moja ilikuwa ya kijani kibichi, kwenye kona, madirisha yake yamezungushiwa mstari mweupe. Sasa Mbhekeni aliirudia, akaufuata mstari ule kwa macho toka chini hadi juu. Ulinyooka kama uzi. Yule mtoto aliyeshindwa kulima tuta moja bila kulipinda, ambaye yeye baba alikuwa akimpigia kelele shamba zima wakisikia!

“Hukuniambia kama unajua kunyoosha,” alisema. Kisha akajisahihisha, kwa kuwa wafu hawadanganywi. “Sikukuuliza.”

Kwenye makumbusho alinyoosha vidole viwili dirishani. Mama wa tiketi alichungulia nyuma yake.

“Mwenzako yuko wapi?”

Mbhekeni aliliinua tawi mpaka kwenye kioo. “Huyu hapa. Ni mwanangu. Tuko wawili.”

Alilisema kwa Kiswazi, na yule mama, awe ameelewa au hakuelewa, alimtazama machoni, akakata tiketi mbili. Mbhekeni alijisikia mwepesi. Kumbe si neno gumu. Tuko wawili.

Ndani aliwakuta wale tembo aliowataja Muzi: watoto wa tembo waliotolewa matumboni kabla ya kuzaliwa, wamepangwa kuanzia aliye kama panya hadi aliye kama ndama, kila mmoja na mkonga wake mdogo uliokunjwa. Alisimama mbele yao mpaka miguu ikauma. Alifikiria mama zao, waliouawa wakiwa nao tumboni.

“Hawa nao hawakufika nyumbani,” alisema, akashindwa kuendelea.

Baharini hawakukaa. Aliukata mkate wa Felizarda, nusu akaiweka mchangani karibu na tawi, nusu akala. Alivua viatu, akaingiza vidole vya miguu majini, akaona ni baridi, akavitoa. Muzi alisema ataanza kununa, halafu utamwona. Mzee aliangalia huku na huku. Alipoona hakuna anayemtazama, akalia.

*

Kwenye basi alilipa nauli ya watu wawili, akaliweka tawi kiti cha dirishani. Konda alicheka.

“Mzee, kuni zako nazo zimechoka kusimama?”

“Ni mtu,” alisema Mbhekeni, na konda, alipomtazama vizuri, akaacha utani. Mama mmoja mwenye mtoto aliomba kiti kile. Alimwambia vilevile, kwa upole, na yule mama akasogea nyuma akinung’unika. Kila mto alimwambia Muzi: huu hapa, tunavuka. Barabara ilipoanza kupanda kuelekea Namaacha, mji wa mpakani, hewa ikawa baridi na ukungu ukashuka, Mbhekeni alijua nyumbani kumekaribia, na kitu fulani ndani yake kikajikunja. Huku watu walimjua.

Kisha akaliona pipa.

Mkaguzi wa asubuhi alikuwa bado pale, anapekua vikapu. Mbhekeni hakuwaza. Alilitia tawi ndani ya koti, akafunga vifungo vyote, miiba ikamwingia mbavuni. Akapita mbele ya mkaguzi amenyooka kama mtu aliyemeza mwiko. Hakuulizwa kitu. Akavuka upande wa kwao, koti limebana, akafika dirishani kwa askari wa uhamiaji, msichana mwenye nywele za kusuka aliyefungua pasipoti na kutabasamu alipoliona jina la ukoo.

“Maziya, pole na safari. Uko na nani?”

“Peke yangu.”

Muhuri ukagongwa.

Alirudi ndani ya basi, akaketi, akafungua koti, akalitoa tawi ili alirudishe kwenye kiti chake. Lilikuwa jepesi. Lilikuwa kuni. Konda alipiga ubavu wa basi akaita, “Tumetimia? Hakuna aliyebaki?”

Mbhekeni alisimama akapiga kelele ambayo basi zima liliisikia.

“Simamisha! Nimemwacha mtu!”

*

Alirudi kwa miguu mpaka kwenye lango, tawi mkononi, damu imechora shati upande wa mbavu. Walikuwa karibu kufunga. Wachuuzi wa mitumba walikuwa wakifunga marobota yao, madereva wakigombana, askari wawili wamekwisha shika mnyororo.

“Umesahau mzigo, mzee?” mmoja aliuliza.

Mbhekeni alipita asimjibu, akasimama kwenye mstari ambapo lami ya kwao inakutana na lami ya wenzao. Upande wa pili, pembeni, kulikuwa na jiwe kubwa, refu, la kuweza kukaliwa na watu wawili. Hakuhitaji kuambiwa ni lipi.

“Muzi!” aliita.

Watu wakageuka. Mchuuzi mmoja akacheka, “Kalewa huyu,” na mwenzake akamkemea, “Nyamaza, mjinga wewe. Huoni tawi? Anamwita mtu wake.”

“Muzikayise! Maziya! Ni mimi, baba yako.” Alilielekeza tawi kwenye jiwe. “Siku ile walinipigia kutoka hapa, nikasema sina mtoto. Nilikuwa naye. Ulikaa kwenye jiwe lile unaningojea, na mimi nilikuwa nyumbani, nimekaa, sina hata ng’ombe wa kunichelewesha. Na leo wameniuliza hapa hapa, nikasema niko peke yangu. Ulikuwa kifuani kwangu, Muzi, miiba yako inanichoma, nikasema niko peke yangu. Niliogopa pipa, mwanangu. Niliogopa pipa la takataka!”

Hakuna aliyecheka. Yule msichana wa uhamiaji alikuwa ametoka ofisini, amesimama nyuma yake, mikono kifuani.

“Ungesema tu, Maziya,” alisema polepole. “Nani angekunyang’anya? Kaka yangu mwenyewe alipita dirisha lile juu ya tawi kama hilo. Mimi ndiye niliyegonga muhuri.”

Upole wake ulimwumiza kuliko tusi. Mbhekeni alililaza tawi juu ya mstari, akataja majina ya ukoo tena tangu mwanzo, akaomba, akaomba tena. “Tunavuka,” alisema mwishowe. “Huu ni mpaka, mwanangu. Vile ni vilima vyetu. Tafadhali, tunavuka.”

Akaliinua. Alingoja mkono ushuke. Haukushuka, au ulishuka kwa uchovu tu, hakuweza kujua. Alipogeuka kwenda kwao, nyuma yake mnyororo ulipita kwenye vyuma vya lango, kufuli likabanwa.

*

LaMatsebula alikuwa amesimama nje ya boma tangu jua lilipoinama, Tengetile pembeni yake na mkeka wa kulaza tawi. Walimwona akija kwa miguu, peke yake njiani, akiongea.

“Amekuja?” mkewe aliuliza kabla hajafika.

Mbhekeni angeweza kusema ndiyo. Mama yule angeimba, angekula, pengine angelala. Neno lilikuwa tayari ulimini. Alimtazama mkewe, mifupa ya uso wake, akamwambia yote: stesheni, tembo, ukuta wa kijani, jiwe, pipa. Hakujificha mahali.

“Nimemwita mbele za watu,” alimaliza. “Kama amevuka, LaMatsebula, sijui.”

Mbhekeni alingoja alaaniwe, na angeipokea laana ile kama haki yake. Badala yake, LaMatsebula alilichukua tawi kwa mikono miwili, akalilaza kwenye mkeka, akakung’uta vumbi la barabara kwenye majani yaliyonyauka.

“Na yule mkewe?”

“Mwambieni aje,” alisema Mbhekeni. “Anaitwa Felizarda.”

Tengetile akaenda kutafuta simu. LaMatsebula alinyanyuka, akatazama barabara inayopanda kwenda mpakani, halafu akamtazama mumewe aliyekuwa amekwisha shika fito za lango ili alifunge, kama alivyofanya kila siku ya maisha yake.

“Liache,” alisema. “Kama yuko njiani, asilikute limefungwa tena.”

Lango la Mbhekeni halikufungwa siku ile, wala zilizofuata. Ndama walitoka wakala mahindi ya jirani, jirani akaja na matusi yake, Mbhekeni akamwomba radhi na kumlipa. Kisha akarudi, akawaingiza ndama, akaliacha lango wazi vilevile.